Rangi ya Gamcheon, Chokaa ya Mji Mkongwe

Ukuta wa mawe ya matumbawe hauna urafiki na rangi ya plastiki. Fundi yeyote wa Mji Mkongwe aliyelelewa na chokaa atakwambia hivyo kabla hujamuuliza bei. Ukuta wenyewe una unene wa nusu mita au zaidi, umejengwa kwa mawe, chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na kutwa kucha unafyonza unyevu wa ardhini na kuutoa nje kupitia lipu yake. Ukiupaka chokaa, unapumua. Ukiupaka rangi ya kopo, maji yanakwama ndani pamoja na chumvi ya bahari. Masika ya kwanza huoni kitu. Baadaye rangi inatutumka vipele, vipele vinapasuka, lipu inabanduka vipande vipande, na ukigusa jiwe lililobaki wazi vidole vinatoka na unga.

Naanza na chokaa kwa sababu picha za Gamcheon zikishazunguka kwenye simu zetu, hakosi mtu wa kuuliza: mbona na sisi Unguja tusipake nyumba zetu kama Wakorea? Tazama walivyofanya, mtaa wa maskini umegeuka kivutio cha dunia kwa makopo ya rangi tu. Swali ni la haki, na muulizaji mara nyingi ni kijana anayetafuta riziki kwa watalii, si mtu wa porojo. Lakini hilo neno “tu” ndilo linalonitia mashaka.

Gamcheon iko Busan, mji wa pili kwa ukubwa Korea Kusini na bandari yake kuu. Mlima unashuka kuelekea baharini, na nyumba ndogondogo zimeupanda kwa safu, moja juu ya bega la nyingine, zimepakwa waridi, buluu ya mbingu, manjano, kijani cha embe bichi. Kati ya safu na safu kuna vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja hujibanza ukutani, jambo ambalo mtoto wa mitaa ya Mji Mkongwe kama Mkunazini au Kiponda halitamshangaza. Samaki wadogo wa mbao wamepigiliwa kwenye kuta, vichwa vyao vikielekea njia ya kufuata. Juu ya paa moja wametua ndege wenye nyuso za binadamu. Na kwenye ukingo unaotazama bonde ameketi Mwana Mfalme Mdogo, yule wa kitabu cha Mfaransa Saint-Exupéry, pamoja na mbweha wake, wameupa ulimwengu mgongo. Wageni hupanga foleni ndefu ili wakae kando yake wapigwe picha ya kisogo.

Mtu akiishia hapo ataondoka na rangi peke yake. Waliojenga mtaa ule hawakuwa na habari ya rangi. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950, Busan ilikuwa miongoni mwa sehemu chache ambazo jeshi la Kaskazini halikuzifikia. Serikali ilihamia huko, na wakimbizi wakamiminika kwa malaki, wakajenga vibanda popote palipokuwa na mwinuko ambao hakuna mtu aliyeutaka. Baada ya vita, katikati ya miaka ya 1950, waumini wa dini iitwayo Taegeukdo waliokuwa wamesongamana katikati ya mji walihamishiwa kwenye bonde la Gamcheon. Walijenga kwa mbao na mabati, wakachota maji kwenye visima vya pamoja, na wakashika kanuni moja ambayo kwangu mimi ndiyo sanaa kubwa kuliko michoro yote iliyokuja baadaye: nyumba ya mbele isimzibe wa nyuma. Kila aliyejenga aliwaachia wenzake mwanga, upepo na sehemu yao ya kutazama. Zile ngazi nzuri zinazopigwa picha leo, ambazo mtu hudhani zilichorwa na mbunifu mwenye shahada, zimetokana na adabu ya watu waliopoteza kila kitu isipokuwa jirani.

Vijana walikua, wakahama, nyumba zikabaki na wazee, nyingine zikabaki tupu. Mwaka 2009 Wizara ya Utamaduni ya Korea ilifadhili mradi wa sanaa uliopewa jina la kuota Machu Picchu ndani ya Busan. Mwaka uliofuata ukaja mwingine, ukaingia kwenye vichochoro na kuzigeuza nyumba zilizohamwa kuwa vyumba vya sanaa. Wengine wakauita mtaa huo Santorini ya Korea. Inachekesha kidogo: watu waliojenga mlima wao wenyewe kwa mikono yao wanaazimwa majina ya Peru na Ugiriki ili wapate kuonekana. Sisi tusicheke sana, maana hata wauza safari wetu hawajui kuisifu pwani bila kuitaja pepo ya mtu mwingine.

Korea ya zamani ilikuwa na sheria zake za rangi. Chini ya ukoo wa Joseon, uliotawala kuanzia 1392 hadi 1910, mbao za majumba ya kifalme na mahekalu zilipambwa kwa dancheong, mapambo ya buluu, nyekundu, manjano, nyeupe na nyeusi, rangi tano zenye maana zake katika mpangilio wa ulimwengu. Raia wa kawaida hakuruhusiwa kuipaka nyumba yake hivyo. Aliishi katika udongo, mbao na karatasi, akavaa nguo nyeupe. Kwa hiyo mlima mzima wa nyumba za maskini uliopakwa rangi ni jambo geni Korea, kinyume kabisa na mila ya huko. Nina shaka kama mgeni anayesimama kwenye foleni ya Mwana Mfalme analijua hilo. Nina shaka pia kama linampunguzia furaha.

Kwetu pambo lilichagua mahali pengine. Nyumba ya jiwe ya Mji Mkongwe inaipa njia mgongo. Ukuta wake wa nje ulikuwa mweupe wa chokaa, mtupu, na madirisha juu. Yaliyo mazuri yalikuwa ndani, kwenye vidaka vya ukutani vilivyopangwa vyombo vya kaure, kwenye ua wa katikati, kwenye vyumba vyembamba visivyozidi kama mita tatu kwa sababu boriti za mikandaa hazifiki zaidi ya hapo. Mpita njia alipewa kitu kimoja tu cha kutazama: mlango. Humo ndimo tajiri alimomwaga fedha yake yote. Miimo ilichongwa minyororo, samaki, mayungiyungi na makuti ya mtende. Juu ya kizingiti cha juu ziliandikwa aya. Mfaa ulisimama katikati ya mbao mbili kama mlinzi. Milango ya kwanza ilikuwa bapa juu. Kuelekea mwisho wa karne ya 19, mafundi na matajiri wenye asili ya Bara Hindi walipozidi, ikaja yenye upinde. Njumu za shaba zilizochongoka, ambazo inasemekana huko India zilikusudiwa kuwazuia tembo wa vita, ziliwekwa katika kisiwa kisicho na tembo hata mmoja. Hapo utaona pambo lilivyokuwa na kiburi.

Tofauti hii si ya ladha tu. Gamcheon hutazamwa kutoka juu, kwa hiyo paa ni uso wa nyumba, na paa limepakwa rangi. Unguja ni kisiwa cha chini. Hata Masingini, ambako ndiko juu kwetu, hakufiki mita 150. Mji Mkongwe haukujengwa utazamwe kutoka mlimani. Ulijengwa utazamwe kutoka baharini, na ni safu ya mbele tu iliyojiandaa kwa macho hayo: Beit el Ajaib ya Sultan Barghash ya mwaka 1883, Ngome Kongwe, na ile zahanati ya zamani ya Tharia Topan yenye roshani za mbao zilizotobolewa kama taraza. Ukipanda leo kwenye dari ya hoteli yoyote kunywa chai, utakachokiona chini yako ni bahari ya mabati yenye kutu, madishi ya televisheni na matangi ya maji. Wageni huipiga picha kutu hiyo na kuipenda. Mwenye bati linalovuja sidhani kama anaipenda.

Na hapo ndipo miji hii miwili inapofanana kuliko wengi wanavyodhani. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi zilizojenga au kurithi nyumba za Mji Mkongwe zilikimbia au zilinyang'anywa. Nyumba zikawa za serikali, wakaingizwa watu wa mashamba, wa Pemba na wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji. Nyumba ya familia moja ikagawanywa ikawa ya familia tano, kila moja na jiko lake na ndoo zake za maji juu ya sakafu iliyobebwa na boriti. Wenyeji hawa wapya hawakuwa wameurithi ule ujuzi wa kupaka chokaa upya kila baada ya misimu kadhaa, wala kodi ndogo waliyotoza wenye majengo haikutosha kumlipa fundi. Gamcheon ni mtaa wa wakimbizi waliojenga nyumba zao. Sehemu kubwa ya Mji Mkongwe ni mtaa wa watu waliohamia nyumba za wengine waliokimbia. Kote kuwili, atakayeipenda nyumba kwa macho ni mgeni, na atakayelala chini ya paa linalovuja ni mwenyeji.

Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji katika Urithi wa Dunia. Tangu hapo mwenye nyumba hawezi kujiamulia rangi ya ukuta wake. Sheria inamtaka chokaa, na kitaalamu sheria ina haki. Nimeshaeleza vipele vinavyotokea asipoifuata. Lakini chokaa nzuri ina safari. Matumbawe yanachomwa kwenye tanuu kwa kuni nyingi, yanazimwa kwa maji, chokaa inalazwa ikomae, kisha anatakiwa fundi anayejua kuipiga. Saruji na kopo la rangi vinapatikana Darajani saa hiyohiyo. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya mbele ya Beit el Ajaib pamoja na mnara wake iliporomoka wakati wa matengenezo na kuua wafanyakazi wawili. Ikiwa jumba la Sultan lenye wafadhili limefika hapo, mpangaji wa ghorofa ya tatu Malindi atafanya nini?

Rangi za Mji Mkongwe basi ziko wapi? Zipo, ila hazishikamani na kuta. Pita mtaa wa Gizenga au Hurumzi asubuhi, saa mbili hivi, utamkuta muuza picha amefungua mlango nusu, anatoa vitambaa vilivyochorwa kimoja kimoja, anavitundika kwenye misumari ambayo imeshatoboa chokaa ile ile inayolindwa na sheria. Pundamilia, chui mwenye madoa meupe, Wamasai wembamba kama vijiti, majahazi kwenye machweo. Pembeni kanga na vikoi. Kufika saa nne kichochoro chote kimewaka. Jioni vinashushwa, vinakunjwa, na ukuta unarudi kuwa mweupe wenye madoa ya unyevu. Gamcheon ilipaka rangi nyumba. Sisi tunaianika rangi kutwa kisha tunailaza ndani.

Sehemu kubwa ya picha hizo ni watoto na wajukuu wa kazi ya mtu mmoja wa bara, Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi, na kuwauzia Wazungu wa Oysterbay. Alipigwa risasi na polisi kimakosa mwaka 1972. Miaka minne tu ya kazi, na bado mtindo wake ndio mgeni anaodhani ni wa Zanzibar tangu enzi na enzi. Sina ugomvi na hilo. Unguja imekula vitu vya watu na kuvifanya vyake kwa karne nyingi. Ninachotaka kionekane ni kwamba sanaa hii inabebeka. Mchoraji wake anaiuza, anapata fedha yake, mgeni anaondoka nayo kwenye bomba la plastiki. Michoro ya Gamcheon haiuziki, na kwa hiyo ilibidi watu wa pale watafute njia nyingine ya kuifanya iwalishe.

Njia hiyo ndiyo isiyopigwa picha. Wakazi wana baraza lao, na wageni wanauziwa ramani ambayo wanaigongesha mihuri kituo kwa kituo. Maduka na mikahawa ya baraza yanawaingizia wakazi fedha, na fedha inarudi kutengeneza mtaa. Sisemi kuwa kila mzee wa pale ameridhika. Mabango yanayowaomba wageni wapunguze sauti, wasichungulie madirishani, hayakuwekwa kwa kupendezesha. Ni jamaa wa mabango yetu yanayowaomba watalii wavae nguo za heshima. Kijiji kikishakuwa mandhari, mtu anayeanika fulana yake naye anakuwa mandhari, hata kama hajakubali.

Ihwa, mtaa wa mlimani mjini Seoul, ilionyesha pale uvumilivu unapokwisha. Huko nako wizara ilileta wasanii mwaka 2006, na ngazi mbili, moja ya maua na nyingine ya samaki, zikapata umaarufu kupita kiasi. Watu walipanda ngazi hizo usiku na mchana, wakipiga kelele chini ya madirisha ya watu waliolala. Aprili 2016 baadhi ya wakazi walichukua rangi ya kijivu wakazifuta zote mbili. Walishitakiwa kwa kuharibu mali. Ulinganishe mkasa huo na wa Dongpirang, mtaa mwingine wa mlimani katika mji wa pwani wa Tongyeong, ambao ulikuwa ubomolewe, na michoro ya mwaka 2007 ikavuta watu wengi mno hata mji ukabadili mpango. Rangi ile ile iliwanusuru hawa, ikawakimbizia wale usingizi.

Kwa hiyo tukiulizana nini cha kuiga, mimi ningeanza na kanuni ya nyumba ya mbele. Nasi tunayo mahali fulani: nyumba zetu za zamani zina mabaraza ya mawe nje, kipande cha nyumba ya mtu kilichoachiwa wapitao wakae, wanywe kahawa, wacheze karata. Hiyo ni kanuni ya aina moja na ya Gamcheon, mali binafsi yenye ukingo wa wote. Lakini ufukweni Shangani, hoteli ilipojengwa ubavuni mwa jumba la Mambo Msiige, Kamati ya Urithi wa Dunia ilihoji ukubwa na kimo chake kwa miaka, na jengo likasimama vilevile. Wakimbizi wa Busan wenye mabati ya kuokota waliweza kumwachia wa nyuma bahari yake. Hilo, kusema kweli, linauma zaidi kuliko uhaba wa rangi.

Halafu ningehama Mji Mkongwe kabisa. Ndugu halisi wa Gamcheon hapa Unguja ni Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliofukiwa, mji wa wafanyakazi, wachukuzi na watu waliokuwa watumwa, ambao ramani za wakoloni ziliuita wa “wenyeji” kana kwamba hauna majengo. Baada ya Mapinduzi, Rais Karume aliupasua kwa barabara mbili pana na kusimamisha maghorofa ya Michenzani, yaliyopangwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Nyumba nyingi za udongo na makuti zilivunjwa. Leo ukisimama kwenye mzunguko wa Michenzani, rangi unayoiona kwanza ni kanga zilizoanikwa kwenye roshani, ghorofa kwa ghorofa, na hakuna wizara iliyozipanga. Miaka ya 2010 wapangamiji wa Zanzibar, wakishirikiana na wenzao wa Amsterdam, waliendesha mradi wa Ng'ambo Tuitakayo, wakawauliza wakazi wenyewe ni nini cha urithi mtaani kwao. Yakatajwa mambo ambayo hayaonekani kwenye picha: viwanja vya mpira, majumba ya sinema yaliyofungwa, maskani, nyumba za taarabu.

Rangi ya kopo huko ingefaa zaidi, maana nyumba nyingi sasa ni za matofali ya saruji. Ila kuna aliyetangulia. Kutoka Darajani hadi Amaan, na barabara zote za kwenda mashamba, maduka yamepakwa nyekundu, buluu au kijani, juu hadi chini, kwa rangi za kampuni za simu, na jina limeandikwa kwa herufi ndefu kuliko mlango. Mwenye duka mara nyingi hatoi hata shilingi. Anapata ukuta mpya, kampuni inapata tangazo. Huo ndio mradi mkubwa wa kupaka rangi kuta katika Afrika Mashariki yote, unaanzia Nungwi unafika Kisangani, na hakuna aliyeuita sanaa. Mwenye duka naye ana hesabu yake: mwaka mmoja alikuwa nyekundu, kampuni nyingine ikaja na ofa, akawa buluu. Ukimwambia aache buluu yake ili wasanii wamchoree samaki, atakuuliza samaki hao watamlipia nini, na kabla ya kumjibu itabidi uwe umeshajua ramani ya mtaa itauzwa na nani na fedha yake itaingia mfuko gani.